Maswali ya Wasomaji: Yatakayobaki na Yatakayopita

Barua nyingi zilizofika mezani kwangu mwezi huu zinauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: kati ya mambo mapya yanayotangazwa kila siku katika biashara, teknolojia na maisha ya jamii, ni yapi ya kufuatilia na ni yapi ya kuyaacha yapite? Nimechagua sita, na baadhi yake nimezifupisha bila kubadili maana. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Salaam. Nimekuwa katika biashara ya vifaa vya elektroniki kwa zaidi ya miaka 20, na kila mwaka huambiwa kwamba kimekuja kitu kitakachobadilisha maisha ya watu wote. Mara mbili nimejaza ghala bidhaa ambazo hazikutoka, na mara moja nimepuuza kitu kilichowatajirisha wenzangu. Mtu wa kawaida autambueje mwelekeo wa kweli kabla fedha hazijamtoka?
Mfanyabiashara aliyeungua mara mbili

JIBU: Ndugu yangu, katika kuungua huko tuko wengi. Mwaka 2010 viwanda vikubwa vya televisheni vilikubaliana, karibu kwa sauti moja, kwamba televisheni za picha zenye kina, zile zinazotazamwa kwa miwani maalumu, ndizo zitakazotawala sebule. Mimi nilinunua. Kufikia 2017 watengenezaji wakubwa walikuwa wameziacha, na jozi nne za miwani yangu bado zimo kwenye droo pamoja na nyaya zake za kuchajia. Picha yenyewe haikuwa na kasoro, tena ilikuwa nzuri. Taabu ilikuwa kwamba mgeni aliyeingia katikati ya filamu alihitaji miwani ya tano, na aliyetaka kutazama huku akikunja nguo au akimjibu mtoto alilazimika kuivua na kuivaa kila dakika. Kifaa kilimtaka mtu abadili namna anavyokaa nyumbani kwake, kisha kikamlipa kidogo mno kwa usumbufu huo.

Sasa linganisha na msimbo wa QR, ule mraba wenye madoa meusi na meupe ambao leo unabandikwa kila mahali. Ulibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Kijapani ya Denso Wave na mhandisi Masahiro Hara pamoja na wenzake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kiwandani tu, kufuatilia vipuri vya magari, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wamechoka kupitisha kisomaji juu ya misimbo kadhaa ya mistari katika boksi moja. Ukiutazama kwa karibu utaona miraba mitatu mikubwa kwenye pembe tatu. Hiyo ndiyo inayoiambia kamera kwamba hapa pana msimbo, na kwamba upande wa juu ni huu. Ili miraba hiyo isichanganywe na maandishi yaliyo jirani, wabunifu walichambua magazeti, vipeperushi na maboksi wakitafuta uwiano wa weusi na weupe ambao ni nadra kutokea katika chapa ya kawaida, wakaupata: 1:1:3:1:1. Kampuni ikatangaza kwamba haitawadai watumiaji haki zake za hataza, yaani za umiliki wa ubunifu huo. Mwaka 2017 kamera za iPhone zilianza kuusoma bila programu ya ziada, na mwaka 2020, watu walipoogopa kugusa karatasi zilizoshikwa na wengine kwa sababu ya UVIKO-19, msimbo ukawa jambo la kawaida. Aliyeuita teknolojia mpya mwaka huo alikuwa amechelewa miaka 26.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloangalia ni kama kitu hicho tayari kinafanya kazi kimyakimya mahali fulani, kiwandani, ghalani au hospitalini, kwa watu wasio na sababu ya kukisifu. Kitu kinachojilipia mahali pasipo na kamera za waandishi kina nafasi kubwa ya kuishi kuliko kile kilichozaliwa jukwaani.

Jambo la pili ni kama mtu anaweza kukijaribu kidogo na kukiacha bila hasara. Somo hili lilitoka mashambani. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha uchunguzi wao juu ya namna wakulima wa jimbo la Iowa walivyoipokea mbegu ya mahindi chotara, iliyoanza kuwafikia mwishoni mwa miaka ya 1920. Kati ya wakulima 259 waliohojiwa, ni wawili tu ambao hawakuwa wameikubali kufikia mwaka 1941. Hata hivyo ilichukua zaidi ya miaka kumi, kwa sababu wengi walianza kwa kuipanda katika sehemu ya shamba, wakalinganisha mavuno, ndipo wakaongeza eneo mwaka uliofuata. Habari ya kwanza waliipata kwa muuza mbegu, lakini kilichowashawishi hasa kilikuwa shamba la jirani. Everett Rogers, yeye mwenyewe mzaliwa wa Iowa, aliyajenga maelezo yake mashuhuri ya mwaka 1962 juu ya uenezi wa mambo mapya kwa kutumia uchunguzi wa aina hiyo.

Wewe una kipimo ambacho mchambuzi wa ofisini hana, nacho ni kaunta yako. Usiyatazame sana mauzo ya mwezi wa kwanza, maana hayo hupima matangazo. Tazama ni bidhaa ipi ambayo wateja wake hurudi kukuulizia chaja, kifuniko, betri au fundi wa kuitengeneza baada ya miezi sita. Inayoulizwa vipuri inatumika. Isiyoulizwa chochote, na wala hairudishwi kwa malalamiko, imelala droo moja na miwani yangu.

SWALI: Shikamoo. Ninafanya kazi katika idara ya uhasibu ya kampuni ya usafirishaji. Mwaka uliopita tuliletewa mfumo wa akili mnemba unaoandika barua, kusoma ankara na kufupisha mikataba, tukaambiwa kazi itakwenda mbio. Ukweli ni kwamba bado tunafunga hesabu za mwezi tarehe zile zile za zamani, ilhali kila wiki nasoma kwamba kazi kama yangu itatoweka. Niamini kipi, kalenda yangu au magazeti?
Mhasibu kijana

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amini kalenda yako kwa mwaka huu, lakini usiyatupe magazeti. Roy Amara, aliyewahi kuiongoza taasisi ya Institute for the Future huko California, alikuwa akisema kwamba nguvu za teknolojia tunazikuza kupita kiasi kwa muda mfupi na kuzidharau kwa muda mrefu. Maneno hayo yamezoeleka mno, na mara nyingi hutajwa bila kuelezwa ni kwa nini mambo huwa hivyo. Maelezo bora ninayoyafahamu yamo katika historia ya umeme viwandani.

Thomas Edison alifungua kituo chake cha kuzalisha umeme cha Pearl Street mjini New York mwaka 1882. Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1900, mota za umeme zilikuwa zikiendesha chini ya asilimia 5 ya nguvu za mitambo katika viwanda vya Marekani. Si kwamba wenye viwanda hawakuzifahamu. Kiwanda cha enzi ile kilikuwa na injini moja kubwa ya mvuke, na kutoka kwenye injini hiyo ulipita mhimili mrefu wa chuma chini ya dari, ukizunguka mchana kutwa, huku kila mashine ikivuta nguvu zake kwa mkanda wa ngozi ulioning'inia kutoka juu. Mashine iliyohitaji nguvu nyingi iliwekwa karibu na injini, hata kama kazi yake ilikuwa ya mwisho katika mfuatano, na ghorofa zilipandishwa juu ya ghorofa ili mihimili isirefuke mno. Wenye viwanda wa kwanza kununua mota waliing'oa injini, wakaiweka mota moja kubwa mahali pale pale, na kuuacha mhimili, mikanda na ghorofa kama vilivyokuwa. Faida ikawa ndogo. Mabadiliko makubwa yalionekana katika miaka ya 1920, baada ya kila mashine kupewa mota yake ndogo, mikanda ikaondolewa, majengo yakawa ya ghorofa moja, na mashine zikapangwa kwa kufuata safari ya kazi. Mwanauchumi Paul David aliieleza habari hii mwaka 1990, wakati watu walipokuwa wakishangaa kompyuta ziko kila ofisi lakini tija haionekani.

Sasa rudi kwenye meza yako. Chukua ankara moja ya mafuta. Inafika, inalinganishwa na hati ya agizo na hati ya kupokea mzigo, inapelekwa kwa meneja ambaye yuko safarini, inasubiri sahihi yake, inarudi, kisha inasubiri siku ya malipo. Mfumo mpya umeisoma kwa sekunde nne. Ikiwa safari nzima ya ankara ni siku tisa, na siku nane kati ya hizo ni za kusubiri, basi mmeleta mota mpya na kuubakiza mhimili wa zamani darini. Siku kampuni yenu itakapouliza kwa nini ankara ambayo hati zake zote tatu zinakubaliana inahitaji sahihi ya meneja, siku hiyo ndipo utakapoona hesabu zikifungwa mapema, na ndipo pia idadi ya viti katika idara itakapoanza kujadiliwa. Kwa hiyo usiuchunguze sana uhodari wa mfumo wenyewe. Chunguza kama taratibu zinazouzunguka zinaanza kubadilishwa.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi kuliko kupotea kwa kazi, na silioni likijadiliwa inavyostahili. Kazi ambazo mifumo hii huzimudu mapema ni zile tulizokuwa tukiwapa wanagenzi: kupanga ankara, kuandika rasimu ya kwanza, kutafuta kosa katika jedwali. Ndizo kazi zilizomfundisha kila mhasibu mkuu kunusa tarakimu isiyokaa sawa. Ikiwa hakuna tena mtu anayeanzia chini, sijui wakaguzi wa baada ya miaka 15 watapikwa katika chungu gani. Kampuni itakayotafuta njia ya kuwafunza vijana bila kazi hizo itakuwa na watu wa maana wakati wenzake wanahangaika kuwatafuta.

Wewe mwenyewe, jifunze mahali mashine inapokosea. Mifumo ya namna hii, ambayo muundo wake wa msingi ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017 na ambayo umma uliifahamu kupitia ChatGPT kuanzia tarehe 30 Novemba 2022, haiutunzi ukweli kama kabati linavyotunza mafaili. Hukokotoa kipande cha neno kinachoelekea zaidi kufuata vile vilivyotangulia. Ndiyo maana kosa lake huja katika sentensi iliyonyooka, bila kusita. Ankara iliyoandikwa 04/03 inaweza kusomwa kuwa ya tarehe 3 Aprili badala ya 4 Machi, na muhtasari utakaotoka hautakuwa na hata chembe ya wasiwasi. Weka daftari la makosa uliyoyakamata, kila kosa na aina yake. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa na thamani kuliko cheti cha mafunzo ya wiki mbili.

SWALI: Je, wiki ya kazi ya siku nne kwa mshahara ule ule ni mwelekeo wa kweli au ni ndoto ya watu wachovu?
Katibu muhtasi

JIBU: Ni ya kweli, ila kwa sasa ina mipaka. Katika jaribio lililofanywa Uingereza katika nusu ya pili ya mwaka 2022, kampuni 61 zenye wafanyakazi wapatao 2,900 zilipunguza saa bila kupunguza mshahara, na baada ya miezi sita kampuni 56 ziliamua kuendelea. Iceland ilikuwa imetangulia kwa majaribio ya kati ya mwaka 2015 na 2019. Usisahau kwamba kampuni za Uingereza zilijitolea zenyewe, na anayejitolea kupimwa mara nyingi anajua kwamba atafaulu. Jambo la kutazama si siku ya mapumziko, ni namna walivyoipata: walifupisha vikao, wakapunguza barua pepe za kunakiliana, wakatenga saa za kazi zisizokatizwa. Ofisi isiyoweza kupunguza vikao haitaweza kupunguza siku.

SWALI: Mwanangu mwandishi, nina miaka 71. Nilipigiwa simu na sauti ya mjukuu wangu akilia kwamba amekamatwa na anahitaji fedha upesi. Ilikuwa sauti yake hasa, hata namna anavyovuta pumzi. Bahati yangu mjukuu mwenyewe alikuwa jikoni akiosha vyombo. Tangu siku hiyo siiamini simu. Je, mambo haya yatapungua au yataongezeka?
Bibi wa wajukuu saba

JIBU: Shikamoo Bibi, na pole sana kwa mshtuko huo. Nisingependa kukudanganya: yataongezeka, kwa sababu vipande vifupi vya sauti, kama vile ujumbe wa sauti au video ya sherehe iliyowekwa mtandaoni, vinatosha siku hizi kuigiza sauti ya mtu, na gharama ya kufanya hivyo inashuka.

Wala wanaodanganywa si wazee peke yao. Mwanzoni mwa mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walieleza kisa cha mfanyakazi wa idara ya fedha katika kampuni ya kimataifa, aliyehamisha takriban dola milioni 200 za Hong Kong, sawa na dola milioni 25 hivi za Marekani, baada ya kikao cha video ambamo aliwaona na kuwasikia wakubwa wake. Washiriki wote wengine katika kikao kile walikuwa wa bandia. Katika kisa hicho kuna jambo dogo linalonirudia mara kwa mara: ujumbe wa kwanza, wa maandishi, ulimtia shaka, na shaka hiyo ilimtoka alipoziona sura. Kwa vizazi vingi tumeambizana kwamba kuona ndiko kuamini. Mfanyakazi yule aliponzwa na macho yake, wakati maandishi matupu yalikuwa yamemwonya.

Huu, kwa maoni yangu, ni mmojawapo wa mielekeo mikubwa ya miaka hii, ingawa hauuzwi dukani. Imani inahama kutoka katika sura na sauti ya mtu na kwenda katika utaratibu: ombi limepita njia gani, na nani mwingine amelithibitisha. Benki na kampuni zinaandika upya kanuni zao za malipo kwa sababu hiyo. Hata nywila zinaanza kuachwa. Mwezi Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitapanua matumizi ya funguo zinazokaa ndani ya simu yenyewe na kufunguliwa kwa kidole au uso, ambazo mwenyewe hawezi kumtajia tapeli hata akitaka, kwa kuwa hazijui.

Nyumbani kwako hauhitaji mtambo, Bibi. Akipiga mtu mwenye sauti ya mjukuu akiomba fedha, kata simu bila kuona haya, kisha mpigie wewe kwa namba uliyo nayo siku zote, au mpigie mzazi wake. Pia chagueni neno moja la siri la ukoo, neno la kipuuzi lisiloandikwa katika simu yoyote wala kusemwa katika ujumbe wa sauti, na mfundishane ana kwa ana mnapokutana. Jina la mbuzi aliyewahi kula pazia, kwa mfano, linafaa kuliko tarehe ya kuzaliwa. Mjukuu wa kweli hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika na kukuhimiza usikate simu, huyo ndiye wa kukatiwa.

SWALI: Mimi ni fundi wa jenereta na pikipiki. Wateja wangu wengine wamehamia kwenye betri na paneli za jua. Je, nijifunze mambo ya betri, au bei zitapanda tena na watu warudi kwenye injini?
Fundi wa injini

JIBU: Jifunze, fundi, tena usingoje. Mwaka 1936 mhandisi wa ndege Theodore Wright alionyesha kwamba kila idadi ya ndege zilizokwisha kutengenezwa ilipoongezeka maradufu, kazi iliyohitajika kuunda ndege moja ilipungua kwa takriban asilimia 20. Betri na paneli zimeifuata tabia hiyo kwa ukaidi. Kwa hesabu za BloombergNEF, taasisi ya utafiti wa nishati, pakiti ya betri za lithiamu iliyogharimu zaidi ya dola 1,100 za Marekani kwa kila kilowati-saa mwaka 2010 ilikuwa imeshuka hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024. Njiani bei ziliwahi kupanda, mwaka 2022, kwa sababu malighafi zilipanda, kisha zikaendelea kushuka. Mafuta hayana mwenendo huo, kwa kuwa hayo huchimbwa na kuchomwa. Betri hutengenezwa kiwandani, na kiwanda hujifunza. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2021 kampuni ya Kichina ya CATL imekuwa ikiendeleza betri za sodiamu, madini yaliyomo katika chumvi ya kawaida, na hizo zikienea lithiamu haitakuwa na ubavu wa kumtisha mnunuzi.

Kwa fundi, nafasi haipo sana katika kuuza betri mpya, kwani hapo utashindana na kila mwenye duka. Ipo katika zile zinazoitwa zimekufa. Fungua pakiti ya volti 48 yenye hatua 13 za seli, yaani makundi 13 yaliyounganishwa kwa mfuatano, upime moja baada ya nyingine: mara nyingi utakuta 12 zinasoma volti 3.6 au karibu na hapo, na moja imeanguka hadi 2.1. Pakiti nzima imetupwa kwa sababu ya hatua hiyo moja, maana kidhibiti cha betri hukata umeme wote kinapoona hatua moja imeshuka mno. Lakini usifanye kama unavyobadili plagi ya injini. Seli iliyoshuka hivyo haifai kuchajiwa tena kwa matumaini, kwa sababu inaweza kupata moto siku yoyote, na seli mpya ikiwekwa kati ya kuukuu bila kulinganishwa uwezo itaharibu mizania ya pakiti. Tafuta mafunzo ya usalama kwanza, kisha kipima uwezo cha seli, halafu ndipo ubandike tangazo lako. Sheria nazo zinasogea upande wako: katika Umoja wa Ulaya, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka zinatakiwa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, na bidhaa iliyoundwa kwa soko kubwa kama lile kwa kawaida huuzwa kwingineko ikiwa na umbo lile lile. Injini usizitupe, bado zina miaka yao.

SWALI: Kila makala ya mielekeo husema habari za mashine. Mimi ni mjenzi wa nyumba, na ninataka kujua jambo lisilo la mashine ambalo litaibadili kazi yangu.
Mjenzi

JIBU: Umri wa wateja wako. Nashangaa ni mara chache kiasi gani jambo hili huwekwa katika orodha za mielekeo, labda kwa sababu halina uzinduzi wala halina muuzaji. Ndilo pia lenye uhakika kuliko yote, kwa kuwa kila mtu atakayekuwa na miaka 60 mwaka 2050 amekwisha kuzaliwa na anaweza kuhesabiwa leo.

Ili idadi ya watu ibaki pale pale bila uhamiaji, kila mwanamke anahitaji kupata wastani wa watoto 2.1. Korea Kusini mwaka 2023 ilikuwa na 0.72. Nchini Japani wenye miaka 65 na zaidi walikuwa kama asilimia 10 ya watu wote mwaka 1985, wakawa asilimia 20 mwaka 2005, na sasa ni takriban asilimia 29. Nchi ambazo bado zina vijana wengi zinapita barabara hiyo hiyo zikiwa nyuma kidogo, na baadhi yake zinapita kwa kasi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufikia mwaka 2030 mtu mmoja kati ya kila sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaonyesha idadi ya watu duniani ikifikia kilele cha bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080, kisha ikianza kupungua taratibu. Biashara nyingi zimejengwa juu ya dhana kwamba kesho kutakuwa na wateja wengi kuliko leo, na wote vijana.

Kwako wewe hili litaanzia bafuni, kwa sababu huko ndiko wazee wengi huanguka. Mlango wa bafu unaojengwa kwa mazoea ni mwembamba kuliko milango yote ya nyumba, nao hufunguka kwa ndani, hivyo aliyeanguka huuziba kwa mwili wake na watu wa nje hushindwa kuingia. Uufanye ufunguke kwa nje, na uwe na upenyo usiopungua sentimita 80 ili kiti cha magurudumu kipite. Kabla hujabandika vigae, tia mbao au chuma ndani ya ukuta kando ya choo na chini ya bomba la kuogea, mahali ambapo siku moja patahitajika kishikio, kisha mwachie mwenye nyumba picha zenye vipimo. Ukifanya hivyo wakati wa kujenga, gharama yake haifiki hata ya mlango mmoja. Baada ya miaka 20 itabidi ukuta ubomolewe, na anayesubiri bafu liishe atakuwa mtu aliyetoka hospitalini na nyonga iliyovunjika.